Jina Lililokosekana kwenye Shajara ya Bajabiri

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na anayetaka kuondoka mapema aondoke sasa hivi. Mwishoni nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa jikoni.

Palikuwa na ukoo Pangani, ukoo wa Bajabiri, na ndani yake wajukuu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Swabra alijua kuhesabu. Mpe msikiti mzima, atakwambia wangapi walisali, wangapi walisinzia na wangapi walifuata tende. Nassoro alijua kusikiliza. Watu walimweleza mambo ambayo wenyewe walikuwa bado hawajaamua kuyasema. Hidaya alijua kupima. Alifanya kazi maabara, Tanga mjini, na hakuamini kitu mpaka kiingie kwenye kichupa.

Babu yao, Mzee Twaha, naye alikuwa na kipawa: alijua kutundika. Ukutani mwa sebule alitundika shajara ya nasaba yao ndani ya fremu ya dhahabu. Twaha bin Masudi bin Omari bin, hapo pana nafasi tupu, kisha juu kabisa Salim Bajabiri, mfanyabiashara aliyekuja kutoka Mukalla, Uarabuni. Kila alipofika mposaji, kabla hata ya kahawa, shajara iliteremshwa ikasomwa kwa sauti. Halafu mposaji akaambiwa, "Haya, na wewe tusomee ya kwenu." Wengi walisahau majina ya babu zao papo hapo.

Ile nafasi tupu, alisema Mzee Twaha, ililiwa na mchwa.

"Mchwa wa nyumba hii wamesoma," dada yake, Bi Zubeda, alikuwa akijibu. "Wanatafuna kwa rula."

Hakuna aliyecheka sana, kwa sababu Bi Zubeda alikuwa na haki ya kuichukia shajara ile. Mwaka 1979 Issa Kalembo, Myao wa kusini, kijana aliyefundisha hesabu shuleni hapo mjini, alikuja kumposa. Walimkalia wanaume kumi na mmoja. Baba mtu, Mzee Masudi, alikuwa na kikohozi siku hiyo, basi aliyesoma ni Twaha. Walipomaliza wakamwambia Mwalimu kwamba wao hawaozi kwa watu ambao babu zao waliletwa pwani wamefungwa kamba. Mwalimu akashukuru kwa kahawa ambayo hakupewa, akavaa viatu, akaondoka. Zubeda akaozwa binamu mwenye shajara ndefu kuliko akili. Baada ya miaka miwili alikuwa amerudi kwao na sanduku lake.

Basi mwaka huu Mzee Twaha akatangaza zawadi. Atakayekamilisha shajara, jina lake litaandikwa chini yake kwa wino wa dhahabu, naye ndiye atakayeisoma kwenye kila posa. Msicheke. Katika ukoo ule hicho kilikuwa cheo.

Swabra akahesabu. Alipita kwenye madaftari ya shule, makaburini, kwenye kadi za arusi za miaka arobaini, akapata Wabajabiri mia mbili na kumi na wanne kuanzia Pangani mpaka Dar es Salaam. Akawarudisha nyuma mmoja mmoja. Wote waliishia kwa Omari. Omari hakuwa na ami wala binamu. Salim, tajiri mwenye mashamba, na uzao wake wote upite kwenye tundu moja? Akatafuta Mukalla kwa simu mpaka akampata mzee mmoja Bajabiri, mpole, na mtu wa kumtafsiria. Yule mzee alijibu: "Salim alikuwa ndugu wa babu wa babu yangu. Alirudi huku kwetu akafa, hakuacha mtoto. Nyinyi ni nani?" Swali lile la mwisho Swabra hakumwambia mtu kwa wiki nzima.

Nassoro akasikiliza. Bi Zubeda alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto, ameupata kwa mama yake, na mama yake aliupata kwa mkwewe, yule yule Omari, ambaye alikuwa akiwalaza wajukuu mwenyewe kwa mikono yake. Maneno yake hayakueleweka na mtu. Ukoo ulisema ni Kiarabu cha kale. Nassoro akaurekodi kwenye simu, akamchezea sheikh, sheikh akatikisa kichwa. Akawachezea watu wa huku na huku mpaka akafika barazani kwa Mwalimu Kalembo, sasa mzee, mjane, anayefunga vitabu vyake kwenye maboksi kwa sababu Ijumaa anahamia kwa binti yake Tunduru.

"Ni utafiti tu, Mwalimu," Nassoro alisema. Hakutaja wimbo ni wa nani.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Kiyao hicho. Anasema, lala mwanangu, mama yuko ng'ambo ya mto, atarudi na maboga." Akaweka chini kitabu alichokishika. "Na usinifiche, mjukuu wangu. Mimi wimbo huu nimeusikia siku ile ya posa. Kaka mtu anasoma shajara huku nje, mama yao yuko chumba cha ndani anambembeleza mtoto. Aliniimbia lugha ya mama yangu, wala hajui."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nilikwenda kuoa. Sikwenda kuwavunjia watu nyumba."

Nassoro aliacha kahawa nusu kikombe. Alitaka kusema pole. Akasema, "Asante kwa muda wako, Mwalimu," kama mtu wa benki.

Hidaya akapima. Mzee Twaha alitema mate kwenye kichupa kwa madaha: "Angalia vizuri, hayo ni ya Mukalla." Na yule mzee wa Mukalla, kwa upole wake, naye akatuma ya kwake. Majibu ya DNA yakaja kurasa mbili. Kwa upande wa baba, wazee wale wawili hawakuwa na undugu hata wa kuazima. Mstari wa Mzee Twaha ulikaa pamoja na wa wanaume wa kusini, kando ya Mto Ruvuma. Hidaya alizisoma mara tatu, akazifungia kwenye droo. Mwezi mmoja tu nyuma mchumba wake mwenyewe alikuwa amesomewa shajara ile, akagugumia kwenye jina la tatu, na yeye Hidaya alikuwa nyuma ya pazia anatabasamu.

Jumapili baada ya Alasiri wakakutana sebuleni, kila mmoja na kipande chake. Hesabu peke yake ingesema tu kwamba Omari si wa Salim. Wimbo peke yake, watu wangesema ni wa yaya fulani. Kipimo peke yake kingesema kusini, kusini ni kukubwa. Vikawekwa pamoja mezani na mtu akatokea: mtoto wa Kiyao aliyeletwa pwani kwa kamba, akakulia kwenye nyumba ya Salim, akaachwa huru, akabaki na jina la mwenye nyumba kwa kuwa la kwao hakuna aliyemwuliza.

"Tumekosa jina alilopewa tu," akasema Swabra.

Mzee Twaha alikuwa anatazama zulia. "Feruzi," akasema.

Nassoro akamgeukia.

"Babu, ulijua?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Baba alisema ni jina la kitumwa, akalikata kwa wembe." Akaangalia vidole vyake. "Mimi nilimshikia rula."

"Sasa ulitutuma tukatafute nini?"

"Nilidhani mtaniletea jina lingine."

Bi Zubeda hakusema "nilisema mimi." Ingekuwa afadhali angesema. Alikwenda ukutani, akateremsha fremu, akaiweka mezani na kichupa cha wino wa dhahabu pembeni.

Hapo ndipo mngewaona wajukuu. Dakika chache nyuma walikuwa wakigombea zawadi. Swabra alidai yeye ndiye aliyeanza, Nassoro kwamba bila wimbo wasingepata njia, Hidaya kwamba ushahidi ni wake na wengine wana hadithi. Sasa kila mmoja akawa mkarimu.

"Aandikwe Hidaya," Nassoro akasema, "maana kipimo ndicho kilichomaliza kazi."

"Hapana, Swabra ndiye aliyefungua."

"Mimi nimehesabu tu! Aliyeongea na Mwalimu ni Nassoro."

"Nyamazeni," akasema Bi Zubeda. "Ahadi ni ahadi. Mmoja wenu ataandikwa, chini ya jina la Feruzi. Lakini atakayeandikwa ndiye atakayekwenda kwa Mwalimu kabla ya Ijumaa, amwambie kwa mdomo wake: sisi ni hao hao, na tulikufukuza kwa kitu tulichokuwa nacho ndani."

"Twende wote, Bibi."

"Alifukuzwa na kundi. Kuomba radhi ataenda mtu mmoja, asiye na wa kujificha nyuma yake."

"Niende mimi," Mzee Twaha akasema kwa sauti ndogo.

"Wewe kaka ulishamsomea mara moja, inatosha. Wewe utamwandikia barua, akitaka ataifungua."

"Basi wewe mwenyewe, Bibi?"

"Mimi?" Bi Zubeda akaifunga upya kanga yake. "Mimi niliomba radhi mwaka ule ule, peke yangu, nyuma ya shule, kwa kosa lisilo langu. Zamu yangu imepita."

Wakabaki watatu wanatazama wino. Swabra akakumbuka kwamba aliyemfundisha kuhesabu, darasa la sita, ni Mwalimu Kalembo, wala hakuwahi kumpa salamu njiani akiwa na watu wa kwao. Nassoro akakumbuka nusu kikombe. Hidaya akakumbuka pazia.

Siku ile ilikuwa Jumapili. Leo ninapowasimulia ni Alhamisi, fremu bado iko mezani, wino haujafunguliwa, na kule barazani maboksi yaliyobaki kufungwa ni mawili.

Aliyehesabu, aliyesikiliza, aliyepima: kazi zao ni sawa, na aibu zao sijui kama ni sawa. Msinijibu kwamba wote, Bi Zubeda amekwisha kukataa. Kalamu hii hapa, na lori la Tunduru linaondoka alfajiri. Wewe ungeliandika jina la nani?