Mimi Pia na Setilaiti Iliyolala Ubavu

Hii nimeletewa na wifi yangu, nami nimeshindwa kuikalia. Ukimaliza, mpitishie mwenzio.

Katika karakana moja ya setilaiti walikuwapo wahandisi wawili. Kisanga alitengeneza kiwiliwili, chembamba na kirefu kama mchi. Tunu alitengeneza antena, nyaya ndefu zinazonepa. Setilaiti nzima ilitakiwa izunguke angani kama pia.

Kila wageni walipokuja, macho yalikwenda kwenye antena. Tunu akisifiwa, Kisanga hudakia, "Na mimi pia nimo." Wenzake wakambatiza Mimi Pia. Wao walicheka, yeye aliumia. Wivu ulimkaba hadi chai ikawa haishuki.

Mkuu wa karakana, Bi Rukonge, akasema kiongozi wa mradi atatangazwa baada ya majaribio. Kisanga alikitaka cheo hicho kuliko kitu chochote.

Siku moja akijaribu peke yake, aligundua jambo. Antena zikitikisika zinakula nguvu ya mzunguko kidogo kidogo, na kiwiliwili chembamba kinayumba mpaka kinalala. Dawa yake ilikuwa kukifupisha na kukinenepesha. Akanyamaza. Kikianguka, aliwaza, watasema ni antena. Hapo chai ikashuka.

"Kaka Kisanga, kuna tatizo lolote upande wako?" Tunu alimuuliza.

"Upande wangu hauna neno, dada."

Siku ya majaribio setilaiti iliwekwa mezani, ikazunguka vizuri mwanzoni. Kisha antena zikaanza kucheza, kiwiliwili kikayumba, kikalala ubavu, kikajigonga mezani na kupasuka.

"Antena za Tunu hizo," Kisanga akawahi kusema.

"Antena zimenepa kama nilivyoagiza," Bi Rukonge akajibu. "Kiwiliwili kinene kingezihimili. Wewe hukuliona hili?"

Kisanga alitazama viatu vyake.

"Kumbe uliliona. Na Tunu ndiye aliyeniomba cheo upewe wewe. Alisema hakuna anayeona kosa mapema kama wewe. Nilikuja kukutangaza."

Tunu aliinama akaanza kuokota vipande.

Kisanga bado anaitwa Mimi Pia. Ila siku hizi wakimwita hivyo, wanamaanisha ile pia inayozunguka kisha ikaanguka.

Funzo: Kabla hujanyamazia kosa ili mwenzako aaibike, kumbuka mmefungwa kwenye chombo kimoja, na kikilala hakichagui upande.