Lubaba na Mzinga wa Tatu

Wamepokezana watu wa kale kwamba katika bonde moja la Yemen aliishi mjane mcha Mungu, Lubaba binti Harithi, Mola amrehemu. Riziki yake ilikuwa mizinga tisa ya udongo. Kila baridi ilipoelekea kuisha, kabla migunga haijachanua, aliisafisha mizinga yake: akakwangua nta iliyooza, akafukiza majani makavu kuwatoa nondo, akaziba nyufa kwa udongo mbichi, ili maua yakifunguka nyuki wawe tayari.

Asubuhi moja, mikono yake ingali na udongo, jirani yake Dhuwaibu aliingia uani akaonyesha mizinga mitatu iliyojaa kuliko yote.

“Nyuki hawa ni wangu,” alisema. “Walihama kwangu wakaja kwako.”

Lubaba alipandwa na hasira. Alimjua mtu huyu. Hakukosa safu ya mbele msikitini, lakini msimu uliopita alikata masega yote, asiwaachie nyuki hata tone la kuvukia baridi. Sasa mizinga yake ilikuwa mitupu, naye amekuja kuvuna jasho la mjane.

“Huoni haya, Dhuwaibu? Umewaua kwa njaa viumbe ambao Mola wao amewataja katika Kitabu chake, kisha unadai wa mwenzio?”

Wakaenda kwa kadhi. Dhuwaibu hakuwa na shahidi hata mmoja, basi ikampasa Lubaba aape. Majirani walijaa mlangoni wakingoja aape upesi, dhalimu yule aaibike mbele za watu. Wallahi, na yeye alilitamani hilo kuliko chakula.

Akaapa kwa Mungu kwamba nyuki wa mzinga wa kwanza ni wake. Akaapa hivyo hivyo kuhusu wa pili. Alipofika wa tatu, akanyamaza.

“Na huu?” kadhi aliuliza.

“Kwa huu siapi, ewe kadhi. Kundi lake nililiona kwa macho yangu likivuka ukuta kutoka kwake, likaingia katika mzinga wangu. Mimi ni mwenye hasira, lakini sitamfanya Mwenyezi Mungu shahidi wa uongo kwa ajili ya hasira yangu.”

Watu wakaguna. Kadhi akamgeukia Dhuwaibu. “Nawe, uliliona kundi hilo likihama?”

Dhuwaibu aliinamisha kichwa. “Sikuona, ewe kadhi. Nilichagua mizinga iliyojaa tu.”

Kadhi akahukumu kila mmoja apate kilicho chake. Lubaba mwenyewe akaubeba mzinga ule hadi uani kwa Dhuwaibu, akautua kivulini, na uso wake haukuwa na tabasamu.

“Sijakusamehe bado,” alimwambia. “Namwomba Mola anisaidie katika hilo. Ila nyuki hawa hawana kosa. Ukivuna, waachie chakula chao.”

 Migunga ilipochanua na msimu wa mavuno ukafika, Dhuwaibu alikata nusu ya masega, akaziba mzinga kwa mikono yake. Lubaba alimwona kutoka upande wake wa ukuta. Akamtolea salamu, ya kwanza tangu siku ile, na Dhuwaibu akaiitikia huku machozi yakimtoka.

Enyi ndugu, kumchukia dhalimu si dhambi. Bibi huyu alichukia, na haki ilikuwa upande wake kwa mizinga miwili. Tujiulize ni wangapi kati yetu wangenyamaza kwenye wa tatu.