Malengo Yaliyoanza na M

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, tumwite Baba Eliwaza, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Kazi yake ilikuwa kupima watu, na hata nyumbani futi haikumtoka shingoni. Sasa huyo Eliwaza aliyempa jina ni binti yake wa kwanza, na baba mtu alikuwa hasemi naye tangu Agosti, binti alipokikata vibaya kitenge cha mteja, naye baba akamfokea mbele za watu. Walikaa nyumba moja, wakala sufuria moja, lakini akitaka chumvi alimgeukia mkewe: "Mwambie mwanao asogeze chumvi." Na Eliwaza yupo palepale, masikio yake mazima.

Tarehe mosi Januari, pilau imeshaliwa, fundi akabandika ukutani karatasi ya manila yenye kichwa chekundu: MALENGO YA FAMILIA. Akakohoa, akasoma.

"Moja, mtaamka saa kumi na moja na nusu kwa sala. Mbili, mtakula pamoja kila jioni. Tatu, mtazima simu wakati wa kula. Nne, mtasameheana kabla ya kulala. Nani ana swali?"

Alitegemea makofi. Mdogo wake Eliwaza, yuko kidato cha pili, akanyoosha mkono kabisa kama yuko darasani.

"Baba, hiyo m ni nafsi ya pili wingi. Tunaoambiwa ni sisi. Wewe humo."

"Nimo. Hayo ni makosa ya kalamu tu."

Mama Eliwaza alikuwa anakusanya sahani, wala hakuinua kichwa. "Kama ni ya kalamu, Baba Eliwaza, kalamu hiyo hapo."

Ndugu zangu, mmewahi kumwona mtu mzima akitafuta pa kutokea kwenye sebule yake mwenyewe? Akafuta m ya kwanza, akaandika "tu". Tutaamka. Akalikumbuka shuka lake. Ikaja ya pili, mkono ukapunguza mwendo, maana jioni zake zote ziliishia kibanda umiza, kwenye mpira wa runinga na chipsi mayai. Ya tatu hajaimaliza, simu ikamlilia mfukoni. Wote wakacheka isipokuwa yeye.

Ya nne akagota. Akafuta m, akaandika t, u ikagoma. Alijua akiiandika hataweza tena kumpitia mama mtu. Aliogopa, nawaambia kweli, baba mzima alimwogopa binti wa miaka ishirini.

"Mwambie mwanao..." akaanza. Akageuka. "Eliwaza."

Binti akashtuka. "Abee, baba."

"Siku ile ya kitenge nilikuaibisha mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu."

Eliwaza akanyoosha mkono mezani. Machozi yanamlengalenga, akachukua kikopo cha chumvi, akakisogeza mpaka mbele ya baba yake, na sahani zilishaondolewa mezani. Fundi akakishika kwa mikono miwili. Kisha akairudia karatasi, akaiandika u.

Wapendwa, sisi nasi tumeandika ya mwaka huu. Mke apunguze maneno, mume awahi kurudi, watoto wafaulu, jirani aache majungu. Tumempima kila mtu kifua na kiuno, saizi yetu wenyewe hatuijui. Lengo ambalo wewe mwenyewe humo ni amri tu, hata ukilipamba kwa kalamu nyekundu. Na je, humu ndani hakuna anayeitwa kwa jina la mtoto asiyesema naye?

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, mpaka asubuhi hii nilipoikunjua karatasi yangu ya mahubiri. Nimeandika hapa: "Mtawahi ibada. Mtapendana. Mtasameheana."

Mzee wa kanisa, ndiyo, wewe hapo mbele, ambaye sijakusalimu tangu kikao cha Novemba. Naomba kalamu.