Kwa Nini Muuza Kahawa Hugonga Vikombe Akipita

Kaeni vizuri, na huyo mwenye simu aizime, maana hadithi hii inataka masikio.

Mnamwona muuza kahawa akipita na birika lake, mkono mmoja unachezesha vikombe, wala haongei na mtu. Mnamwona fundi cherehani kabeba mashine begani, anachezesha mkasi hewani na hakuna nguo mbele yake. Mpiga viatu rangi naye hugonga kisanduku kwa mgongo wa brashi. Mnadhani ndivyo walivyozaliwa. Kuna wakati hawa wote walikuwa hawatoki walipokaa.

Wakati huo mji wetu ulikuwa mdogo, na kila fundi alikuwa na kibaraza chake. Ukitaka kahawa unamfuata Chande; kiatu kikichanika unamfuata Mkude; suruali ikikubana unampelekea Sudi. Walikaa kama walivyokaa baba zao, na usipowafuata, shauri yako. Kwa hiyo kila mtaa ulikuwa na mlio wake, na mlio haukuhama. Hawa watatu walikuwa wa mtaa wa Kisimani.

Katika mtaa huo aliishi mwanamke aitwaye Siwema, mtunzi wa nyimbo za harusi. Kigoma chake kilijulikana mji mzima, na mdomo wake pia, maana ukimuudhi unajikuta umo ndani ya wimbo. Aliishi na mama yake, Bi Somoe, ambaye macho yake yalikuwa yamepofuka siku nyingi. Lakini Bi Somoe hakushikwa mkono na mtu. Akisikia vikombe vya Chande alijua amekipita kisima. Akisikia nyundo ya Mkude alikata kulia. Akiufikia mkasi wa Sudi, mlango unaofuata ni wake. Alikwenda sokoni na kurudi huku akisalimia watu kwa majina.

Kisha waliokuwa wakiutawala mji wakasema barabara kubwa itapita hapo. Kisimani ikavunjwa, watu wakatawanywa huku na huko. Siwema na mama yake walipata nyumba juu kilimani. Ilikuwa nyumba nzuri, bati lake halivuji, na Siwema aliipenda. Tatizo lilianza jioni ya kwanza, Bi Somoe alipofunga kanga zake kifurushi akaenda kukaa kizingitini.

"Mwanangu, tumeshukuru," alisema. "Wenyeji wametukirimu vya kutosha. Sasa twende kwetu."

"Mama, hapa ndipo kwetu."

"Usiseme kwa sauti," mama alimnong'oneza. "Wenyewe watasikia."

Ikawa hivyo kila jioni. Na kwa kuwa Bi Somoe alikuwa mtu wa adabu, alikula kama mgeni anavyokula: matonge mawili, matatu, halafu anasukuma sahani na kusema ameshiba. Wiki zikapita, nguo zikaanza kumpwaya. Siwema alimwimbia nyimbo zake zote, na mama akamsifu kwa upole, kama unavyomsifu mtoto wa mwenye nyumba. Hilo lilimuuma Siwema kuliko hata kule kutokula. Aliona wazi kwamba mama yake anakufa njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa heshima.

Siku moja alishika kigoma ili atunge kitu, mkono ukakataa. Akatega sikio. Kilimani hapakuwa na mlio wowote isipokuwa upepo kwenye mabati. Hapo akaelewa mama yake amekosa nini.

Akatoka kuwatafuta mafundi wa Kisimani. Aliwakuta mmoja mmoja, kila mtu na kibaraza chake kipya, wamekaa wanatazama njia, wateja hawajui waliko. Akawasihi wamfuate. Alifanya alichokijua, yaani aliwapanga uani kama wapigaji wa harusi. Vikombe vya Chande vikaanza, mkasi wa Sudi ukaingia katikati, nyundo ya Mkude ikashika chini, na kigoma chake kikawafunga wote pamoja. Walirudia mpaka ikakaa sawa. Ikawa tamu, wallahi, hata majirani wakatoka milangoni.

Bi Somoe alisikiliza, mkono shavuni. Kisha akauliza, "Harusi ya nani?" Akaomba atolewe kanga mpya, asije akawaaibisha wenyeji.

Siwema alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia kwa hasira, maana alijua amepiga vizuri. Aliporudi akaketi miguuni pa mama yake akamuuliza, "Kwani Chande wa Kisimani alikuwa anasikikaje?"

Bi Somoe akacheka, mara ya kwanza tangu wahame. "Chande hana mlio akiwa mbele yako. Ana mlio unapomwendea. Kwanza kidogo tu, huna hakika kama ni yeye. Halafu anakuja, anakujaa sikio. Halafu unamwacha nyuma."

Siwema akayapima maneno hayo. Kule Kisimani milio ilikaa na mama ndiye aliyetembea. Sasa mama hana nguvu za kutembea. Basi itabidi milio ndiyo itembee.

Chande alipoambiwa hivyo alikataa katakata. "Mtu mzima kama mimi nizurure na birika? Fundi hufuatwa, Siwema. Watasema nimechanganyikiwa."

"Watasema," alijibu Siwema. "Na mama yangu atakufa akiomba apelekwe kwao. Chagua utakachoweza kukibeba."

Chande akalinyanyua birika kupima uzito wake. Kesho yake jioni walipanda kilimani wote watatu, wameachana mbali. Sudi alikuwa na mashine begani, mkono mmoja tu huru, nao akaupa mkasi. Mkude hakuweza kupiga nyundo huku anatembea, hivyo akagonga kisanduku kwa brashi. Siwema alikuwa amewapa sharti moja: wasinadi. Mama akisikia mtu anatangaza bidhaa, atajua ni wapita njia.

Bi Somoe alikuwa kizingitini na kifurushi chake. Vikombe vikasikika kwa mbali, akamshika Siwema mkono. "Huyo Chande," alisema. "Basi tumeshapita kisima." Brashi ikafuata, tok, tok, akasema, "Mkude. Kata kulia." Siwema hakuthubutu kusogea. Halafu ukaja mkasi, mdogo, ukakua, ukafika usawa wa mlango, ukaanza kwenda zake. Bi Somoe akafungua kifurushi.

"Tumefika," alisema. "Kuna nini jikoni? Nina njaa."

Akala akashiba. Akaishi, akanenepa, akaanza hata kulalamika chumvi. Mafundi wakapita kila jioni, mpaka siku yake ilipotimia akafa kitandani kwake, naye akijua ni kwake. Baada ya arobaini Siwema aliwashukuru, akawaambia wakapumzike.

Jioni iliyofuata kilima kilikuwa kimya. Jirani mmoja akaja mlangoni kwa Siwema, anaona haya, akauliza, "Wale leo hawapiti?" Akaja mwingine, mama mmoja ambaye mtaa wake ulivunjwa kabla ya Kisimani. Huyo hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba yeye huwa hawashi moto mpaka mkasi upite. Siwema akawatazama, wote watu wa kuhamishwa, na yeye akiwa miongoni mwao. Akavaa viatu ashuke kumwita Chande. Hakufika mbali. Alimkuta njiani, birika mkononi, amekwisha kuanza kupanda.

Ndivyo walivyoshika njia, hawakurudi tena vibarazani, na wanafunzi wao wakaufuata mwendo huohuo. Hata leo, mtaa uwe mpya kiasi gani, muuza kahawa hugonga vikombe, hanadi. Na ukimwona mtu mzima kasimama mlangoni jioni, hanunui, hamwiti, anasikiliza tu mpaka vikombe vipotelee kona ya mbali, usimuulize anataka nini. Mwache afike kwao.