Kanga na Maswali ya Ngawa

Paukwa!
Pakawa!
Kanga kaenda wapi?
Kaenda kuomba kazi!
Haya, tegeni sikio, wadogo kwa wakubwa.

Hapo zamani za kale palikuwa na Kanga, mama wa vifaranga. Mvua ilikataa kunyesha. Nyasi zikakauka, mchwa wakazama chini. Vifaranga wakalia, chi-chi-chi, njaa inawauma. Kanga akaona uchungu.

Habari ikaenea kuwa Ngawa ana shamba la mtama, anatafuta wa kuamia ndege, awafukuze wasiule. Ngawa na mtama, wapi na wapi? Hata mimi nashangaa. Lakini mwenye njaa ana nafasi gani ya kushangaa?

Kanga akajitengeneza manyoya, akaenda. Akawakuta Kwale na Njiwa. Ngawa aliwauliza hili na lile, nao wakajibu yote, hawakubakiza kitu.

Zamu ya Kanga ikafika. Akaambiwa apige kelele. Akapiga, ke-ke-ke-kee! Ndege wote wakaruka, purrr! Ngawa akasifu sana sauti ile. Kisha akasogea karibu.

"Una watoto, mama?"

"Ninao."

"Wanalala wapi? Ukija kazini wanabaki na nani?"

Kanga akajiuliza moyoni. Mtama unalindwa kwa sauti yangu, au kwa malalo ya wanangu? Akamtazama Ngawa. Ngawa akameza mate, gluk. Kanga akaogopa. Lakini asipojibu kazi hapati, na watoto watalala njaa tena.

"Wanalala shimoni, chini ya mkwaju," akasema. "Wanabaki peke yao."

Shimo lile lilikuwa la Nungunungu, na Nungunungu hapendi wageni.

Ngawa akawapa kazi wote watatu. Asubuhi wakaja shambani. Ngawa akatokea anachechemea, pua imejaa miiba.

"Umenidanganya, Kanga. Wanao hawalali pale."

Kanga akamuuliza kwa upole, "Umejuaje, bwana?"

Kwale akamtazama Njiwa. Njiwa akamtazama Ngawa. Ngawa akatazama chini.

Basi wakamvamia. Mbawa, pa-pa-pa! Midomo, do-do-do! Ngawa akatimua mbio, hata mkia hakuukumbuka. Kwale na Njiwa wakaenda mbio kuhamisha makinda yao. Mtama ukabaki hauna mwenyewe, na vifaranga wa Kanga wakala wakashiba.

Wanangu, anayetaka kukupa kazi na aulize kazi. Akiulizia malalo ya watoto wako, nawe muulize ya nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, palipo na mtama. Nami naenda kulala, wapi siwaambii.