Swichi ya Kitanda cha Joto

Wapendwa, somo la leo mmelisikia, na wengi wenu mnalijua kwa kichwa, kwa hiyo sitalirudia. Badala yake nitawapeleka dukani kwa fundi mmoja wa redio. Ni fundi wa kubuni, msimtafute mjini, ingawa nadhani mtamtambua. Tumpe jina tusije tukampoteza njiani. Tumwite Asajile.

Asajile alikuwa na duka katika mji mdogo wa milimani, kule kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu huamka kabla ya watu. Alitengeneza redio, televisheni, na hata amplifaya za makanisa, zile zinazopiga kelele mhubiri akisogea. Sifa yake ilikuwa moja: hakugusa kitu cha ovyo.

Mngemwona akinunua plaizi. Muuzaji akishaiweka mezani, yeye anaifungua na kuifumba karibu na sikio, asikie kama kiungo kinakwaruza. Anaiinua kwenye mwanga wa mlango aone kama meno yanakutana sawasawa au yanaacha mwanya. Bisibisi anaijaribu kwenye skrubu ngumu, na ncha ikipinda anairudisha kwa upole, bila maneno. Akiletewa waya anaugusisha sumaku, kwa sababu shaba haishikwi na sumaku; waya ukishikwa, ujue ni chuma kilichopakwa shaba juu juu. Na kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya redio, alivipima kiganjani kama mama anayechagua mayai sokoni. Maana wapo watu, ndugu zangu, wanaotengeneza kikopo kikubwa kwa nje, ndani wakaficha kidogo, na nafasi iliyobaki wakaiachia hewa. Kwa macho hujui. Kwa uzito unajua. Naona mnacheka. Wapo na waumini wa namna hiyo, lakini leo si zamu yao.

Kama spea nzuri haikupatikana, Asajile alimwambia mteja asubiri, na watu walisubiri. Kwake yeye, fundi anayefunga spea mbovu amesema uongo hata kama hakufungua mdomo. Redio iliyotoka mezani kwake ilikaa miaka bila kurudi, na hilo lilimpa usingizi mzuri.

Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai la bluu, alikuwapo mwanamke aitwaye Subilaga. Naye alikuwa fundi, wa tochi, chaja na redio ndogo ndogo. Alikuwa na plaizi moja aliyoazima zamani kwa mtu ambaye hakuirudia, na bisibisi aliyoinoa kwenye jiwe. Spea alizing'oa kwenye redio zilizokufa. Kazi zake zilirudi, tena mara nyingi. Mwenyewe hakuficha. Alimwambia mteja kabla hajaanza kwamba kitu hiki kitamfikisha mavuno, zaidi ya hapo asimdai. Asajile hakumchukia. Walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana habari za watoto. Ila moyoni alikuwa amemweka kwenye fungu la watu wanaochezea umeme.

Sasa ikaja wiki ya mvua. Mlima ukaporomoka, udongo ukaziba barabara ya kwenda Mbeya, magari yakalala huku na huku. Mchana mmoja nesi wa zahanati akaingia dukani kwa Asajile akiwa ameloa hadi magotini, amebeba boksi la bati alilolifunga kwa khanga.

Akamweleza. Asubuhi ile alikuwa amezaliwa mtoto kabla ya wakati wake, mtoto njiti, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja na nusu. Mama yake alipoteza damu nyingi na hakuwa na nguvu hata ya kumshika. Bibi alikuwa amembandika mtoto kifuani, wamefunikwa mablanketi, lakini mtoto alizidi kupoa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama upande wa pili wa maporomoko. Na kitanda cha joto, ambacho zahanati ilikuwa nacho kimoja tu, kilikuwa kimezima. Boksi lile ndilo lililokiendesha.

Asajile akalipokea kwa heshima, akafuta maji, akalifungua. Haikumchukua muda. Ndani kuna swichi ndogo, mafundi huiita rilei, ambayo kazi yake ni kuwasha joto likipungua na kulikata likizidi. Ilikuwa imeungua, imekuwa nyeusi kama punje ya mahindi iliyosahaulika jikoni. Akafungua droo zake moja baada ya nyingine. Ya namna ile hakuwa nayo. Akabaki na kopo la vitu alivyokwisha kuvikataa, akatoa humo swichi kuukuu iliyotoka kwenye mashine nyingine, akaijaribu kwa mita ya kupimia umeme mbele ya nesi. Mara ikawasha na kukata vizuri. Mara ikawasha, ikanasa hapo hapo.

"Funga hiyo hiyo, fundi," nesi akamwambia.

"Ikinasa ikiwa imewasha, joto halitakatika, dada. Mtoto ataungua. Sitaki mkono wangu uwemo kwenye jambo kama hilo."

"Na asipopata joto?"

 Asajile alichukua simu, akampigia muuzaji wake wa Mbeya, akaagiza swichi nzuri, akasisitiza iwe ile yenyewe na si ya kufanana nayo, ije kwa gari la kwanza barabara ikifunguka. Kisha akalifunga boksi, akakaza skrubu zote bila kuacha hata moja, akalivika khanga yake, akamrudishia nesi kwa mikono miwili. Akamwambia kwamba anasikitika. Na kweli alisikitika.

Nawauliza ninyi mliokaa hapa: alikosea? Msiwe na haraka ya kumhukumu. Swichi ilikuwa mbovu. Ingeweza kumchoma mtoto. Kila alilosema lilikuwa kweli.

Alisimama mlangoni, akamwona nesi akivuka barabara kwenda kwenye turubai la bluu. Akamwona Subilaga akisikiliza, akiinama kwenye rundo lake la redio zilizokufa, akichokoa kitu. Asajile alitaka kuvuka akamwonye. Alikwisha kushuka ngazi moja. Halafu akajiambia kwamba yeye neno lake amelisema, na kila mtu ana dhamiri yake. Akarudi ndani. Alipochungulia tena, Subilaga alikuwa amefunika meza kwa gunia na kuondoka na nesi kwenye mvua.

Siku ile hakutengeneza kitu cha maana. Alipoulizwa nyumbani ana nini, alisema ni baridi. Alikuwa akiona mambo mawili kwa zamu: mtoto aliyeungua kwa sababu ya Subilaga, na mtoto aliyepoa kwa sababu yake. Alijikuta akiombea la pili lisitokee, na la kwanza hakujua aliombee nini, kwa sababu sehemu fulani ndani yake, sehemu ndogo lakini ya kweli, ilitamani kuonekana kwamba alikuwa sahihi. Wapendwa, mnaijua sehemu hiyo. Sote tunayo.

Kesho yake barabara ikafunguliwa, na gari la kwanza likaleta kifurushi chake. Akaipima swichi kiganjani. Akaijaribu kwa mita, ikalia kwa sauti safi, ikakata, ikawasha, ikakata tena. Ilikuwa kitu cha kumzika fundi, chenyewe kikiwa bado kizima. Akafunga vifaa vyake, akapanda bodaboda, akaenda zahanati. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Subilaga endapo atakuta msiba.

Hakukuta msiba. Alikuta kitanda cha joto kinawaka, na ndani yake mtoto mwenye rangi nzuri, amekunja ngumi. Kando ya kitanda, kwenye kigoda, alikuwa ameketi Subilaga na nguo zake za jana, zilizomkaukia mwilini na matope yake. Mkono mmoja ulikuwa juu ya swichi ya ukutani. Macho yalikuwa kwenye kipimajoto, mekundu, hayakutoka hapo hata Asajile alipopiga hodi.

Asajile akainama, akatazama ndani ya boksi lililokuwa wazi. Swichi aliyoikuta haikuwa na tofauti na ile aliyoikataa. Labda ilikuwa mbaya zaidi.

"Hii inanasa," akasema.

"Inanasa," Subilaga akakubali. "Ikinasa nazima ukutani. Akianza kupoa nawasha."

"Tangu jana?"

"Tangu jana. Nesi alinipokea kidogo nikaenda kujisaidia."

 Asajile akauliza kile alichokuja akitaka kukiuliza kwa hasira, lakini hasira yenyewe haikuwapo tena. "Dada Subilaga, ulijua tangu mwanzo kwamba ni mbovu?"

"Nilijua, kaka. Ndiyo maana sikuondoka."

Alilisema hivyo tu, macho yakiwa kwenye kipimajoto, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Hakuwa akimfundisha mtu. Alikuwa amechoka.

Bibi akamchukua mtoto kifuani, wakazima umeme, Asajile akakaa chini sakafuni na kufanya kazi yake. Watu wa zahanati walisema baadaye kwamba alichomelea swichi ile mpya vizuri. Walipowasha, joto likapanda likakatika lenyewe, likashuka likawaka lenyewe. Mtoto akarudishwa mahali pake. Subilaga akautoa mkono wake ukutani, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine, akauliza kama hiyo mpya inaaminika. Asajile akamwambia inaaminika kabisa. Basi akaenda kulala.

Nesi akamshukuru fundi, akamwambia na yeye sasa anaweza kwenda kufungua duka, kwa kuwa kitanda kimepona na hakihitaji mtu.

Asajile akavuta kigoda kile, akakalia.

Nesi akadhani hakusikia, akarudia. Alisikia. Alikaa hapo na swichi yake isiyo na kasoro, ambayo haikuhitaji mlinzi, mpaka mama wa mtoto alipopata nguvu ya kuletwa, akiegemea ukuta, kumwona mwanawe.

Sasa, wapendwa, tusidanganyane. Mkitoka hapa msiseme mhubiri amehubiri kwamba vitu vibovu havina neno. Nendeni mkanunue plaizi nzuri. Pimeni spea kabla ya kununua. Mungu hakuwahi kufurahishwa na kazi ya kulipua, na siku ile bila swichi ya Asajile, Subilaga angesinzia hatimaye. Alikuwa binadamu. Kitanda kilihitaji kile kitu kizuri.

Lakini hebu tujiulize: swichi ile nzuri ingemkuta nani, kama yule mwanamke hangekaa?

Sisi ni watu wa Asajile. Jirani amefiwa, tunasema, sina maneno ya kumfaa, nikienda nitasema la kumchoma zaidi. Kijana wa nyumba ya pili ameanza kulewa, tunasema, mimi si mshauri, wapo waliosomea. Mama yetu mzee anapotewa na kumbukumbu, anauliza jambo lile lile asubuhi hadi jioni, tunasema, nikipata likizo nzuri nitakwenda nikae naye kwa utulivu. Yote ni kweli. Maneno yetu ni mabovu kweli. Subira yetu inanasa kweli. Na tukishayasema hayo tunakaza skrubu zote, tunamrudishia mtu mzigo wake kwa mikono miwili, kwa heshima, na tunabaki safi.

Asajile alikuwa na swichi mbovu ndani ya kopo lake. Subilaga alikuwa na swichi mbovu kwenye rundo lake. Walilingana, ndugu zangu, walilingana kabisa! Yule mmoja aliutazama ubovu ule akapata sababu ya kubaki dukani. Mwingine aliutazama ubovu ule ule, akapata sababu ya kutoondoka kando ya mtoto.

Kwa hiyo usiniambie mimi, wala usimwambie Mungu, kwamba huna cha kumpa mtu yule. Unamjua ninayemsema. Jina lake limekujia tangu nilipotaja kitanda, na umekuwa ukilisukuma pembeni. Huna la kumponya, ni kweli. Nenda na hicho kibovu ulicho nacho, useme maneno yako yasiyonyooka, halafu usiondoke.

Ibada inakwisha sasa hivi. Nyumba yako iko upande gani ukitoka mlangoni hapo, najua. Ninachouliza ni kimoja: nyumba yake yeye iko upande gani?