Fisi na Kisu Kilichofichwa

Mwaka huo mvua ilisahau njia ya kwenda bonde la wanyama. Visima vilikauka, majani yakawa vumbi, na wote wakaanza safari ndefu ya kuhamia mtoni. Walioishiwa nguvu walianguka njiani, wakachomwa na jua mpaka roho zikawatoka.

Bi Kondoo, aliyezaliwa katika boma la mwalimu wa madrasa, aliwahurumia. "Mwalimu akichinja," aliwaambia wenzake, "humnywesha mnyama maji, humlaza taratibu, akamtaja Mungu. Kisu chake ni kikali, tena hukificha mnyama asikione. Wala hamchinji mmoja mbele ya mwenzake. Alisema ndivyo Mtume alivyofundisha. Asiyeweza tena kusimama, heri apumzishwe hivyo."

Simba alipendezwa, akaifanya sheria yake. Fisi akajitokeza kabla hajaitwa, kofia kichwani.

"Kazi hiyo niachieni mimi. Nina huruma sana na wagonjwa."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu Simba hakucheka.

Basi kila aliyeanguka, Fisi alimchukua nyuma ya kilima. Aliyetaka kufuata aliambiwa, "Mnyama haruhusiwi kuona." Aliyeulizia kisu aliambiwa, "Kisu hufichwa." Haukupita muda, akaanza kuchukua hata wanaochechemea. Mume wa Bi Kondoo alichomwa na mwiba asubuhi. Adhuhuri alikuwa marehemu.

Fisi alikuja kutoa pole, tumbo limemtangulia. "Ameondoka kwa utulivu, shemeji."

"Sote ni wa Mungu, na kwake tutarejea," alijibu Bi Kondoo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba sheria ile ilitoka kinywani mwake.

Kisha siku moja vumbi lilimpalia, akakohoa. Fisi akageuka.

"Kifua hicho, shemeji, hakifiki mtoni. Nitakupitia jioni."

Bi Kondoo akamwendea Sungura, ambaye huishi kwa akili kwa kuwa nguvu hana.

"Huyo mwalimu wako alikificha kisu," alisema Sungura. "Lakini alikuwa nacho?"

"Alikuwa nacho. Nilikisikia kikinolewa nyuma ya nyumba."

"Na cha Fisi umewahi kukisikia?"

Bi Kondoo akatikisa kichwa.

Sungura akaenda kwa Simba. "Mfalme, nenda ukaione kazi ya Fisi."

"Sheria yangu inakataza mnyama kuona."

"Naam, sisi wanyama. Kumbe nawe ni mnyama tu kama sisi? Nisamehe, bwana wangu, sikujua."

Simba alikuwa amekwisha simama.

Jioni, nyuma ya kilima, Fisi alimwambia Bi Kondoo alale chini.

"Maji je?"

"Utakunywa peponi."

"Na kisu?"

"Kimefichwa," alisema Fisi, akafungua mdomo.

"Kimefichwa wapi?" aliuliza Simba, akitokea nyuma ya jiwe.

"Mfalme! Sheria! Mnyama asione!"

"Mimi si mnyama. Nionyeshe."

Fisi alivua kofia, akaangalia ndani yake. Hamkuwa na kitu. Akaitupa, akakimbia, lakini aliteleza juu ya mifupa ya wale aliowapumzisha, mguu wa nyuma ukavunjika.

Wanyama wakamzunguka.

"Huyu hafiki mtoni," alisema Sungura.

"Ni mguu tu!" alilia Fisi. "Jamani, utapona! Nani anakufa kwa mguu?"

"Mume wangu alikuwa na mwiba," alisema Bi Kondoo.

Bi Kondoo akachukua kibuyu chake cha akiba, akamwekea Fisi maji mbele yake. Fisi alijua maji yale hutangulia nini, meno yakagongana na kibuyu.

"Kunywa," alisema Bi Kondoo. "Hakuna kinachofuata. Nimekupa kwa kuwa una kiu, nayo ni katika yale niliyofundishwa. Ukimaliza, ondoka tusikuone tena."

Fisi akanywa, akaondoka, na mpaka leo anachechemea na kujificha mchana.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.